Charaka mwenyewe hakuahidi kuponya pumu ya mzee

Kuna neno moja la Kisanskriti natamani kila mtu mwenye mzazi anayetweta alijue, neno lenyewe ni yapya. Limo kwenye Charaka Samhita, kitabu kikongwe cha Ayurveda, tiba ya jadi ya India, chenye jina la tabibu Charaka na umri wa karibu miaka elfu mbili, sehemu ya matibabu sura ya 17, pale wanapozungumzia kwikwi na matatizo ya pumzi kwa pamoja. Yapya ni ugonjwa unaotulizwa, mgonjwa anakula, analala, anatembea, anaishi nao, ila hauondoki, ukiacha kuutunza unarudi pale pale. Na mmoja wa magonjwa waliyoyapa jina hilo ni tamaka shwasa, ambayo ndo inafanana kabisa na hii kitu sisi tunaita pumu. Kitabu kinasema ukiwa mpya, umeanza juzi juzi, unaweza kupona. Ukishakomaa ni wa kutulizwa tu.

Naanza na hilo kwa sababu sijui ni mara ngapi nimesikia mtu anasifia dawa ya Kihindi inayomaliza pumu kabisa, miezi mitatu tu unasahau, hata kama mgonjwa ana miaka 75 na amekohoa tangu enzi za Mwalimu, na ukiuliza ni dawa gani unaambiwa ni Ayurveda, ya asili, haina madhara. Sasa hapo ndo nataka tukae kidogo. Wenye tiba yao walishasema zamani kwamba kifua cha siku nyingi hakiishi. Aliyeongeza ahadi ya kumaliza ni muuzaji.

Na mimi sio mtu wa kuidharau hii tiba, niseme mapema. Ukisoma walivyoueleza huo ugonjwa unaona kabisa hawa watu walikaa na wagonjwa usiku wa manane. Wanasema mgonjwa akilala anabanwa, akikaa anapata nafuu. Anapenda vitu vya moto. Paji la uso linatoka jasho, mdomo unakauka, na akifanikiwa kutoa kohozi anapumua vizuri kwa muda mfupi halafu inaanza tena. Hali inazidi siku za mawingu, mvua, baridi na upepo wa mashariki. Aliyewahi kumshika mgongo mama yake saa nane usiku wakati wa masika anajua kwamba hapo hakuna kilichotungwa.

Maelezo ya chanzo ni ya zama zao. Wanasema kapha, ule ute na uzito wa mwili, umeziba njia, halafu vata, yani nguvu ya mwendo na upepo, inakosa pa kupita inarudi nyuma. Wakaligawa tatizo la pumzi mara tano, kuanzia kule kutweta kidogo kwa mtu aliyepanda mlima au kushiba sana, mpaka ile pumzi ya mtu anayekata roho, tamaka ikiwa mojawapo hapo katikati. Na uzee kwao ni umri wa vata, umri wa kukauka, kukonda na kulala usingizi mwepesi. Ndio maana kwa mgonjwa wa pumzi kitabu kinaelekeza zaidi kwenye kutuliza na kulisha mwili kuliko kuudhoofisha, na kwenye ile tiba maarufu ya kutapishwa, vamana, wazee na watu dhaifu wamewekwa kwenye orodha ya wasiofaa. Nalisisitiza hili kwa sababu siku hizi vifurushi vya kusafisha mwili vya wiki mbili au tatu anauziwa yeyote mwenye hela, na wenye hela wa kusafiri hadi kule mara nyingi ni wazee waliostaafu.

Tuje kwenye dawa zenyewe, maana hapa pana utajiri.

Ukifungua kabati la nyumba nyingi za Gujarat au Kerala hukosi unga unaoitwa sitopaladi. Una vitu vitano na vinapungua kwa nusu nusu, sukari mawe sehemu 16, ule unga mweupe unaopatikana ndani ya mianzi sehemu 8, pippali 4, iliki 2, mdalasini 1. Unachanganywa na asali au samli, unalambwa. Pippali ni ile pilipili ndefu, ndugu wa pilipili manga, na neno letu pilipili asili yake ya mbali ni huko huko, limepita kwa Waajemi na Waarabu likatufikia. Tangawizi, pilipili manga na pippali wakiziweka pamoja wanaziita trikatu, vikali vitatu. Mtu wa pwani akisikia hivyo anaona kama yuko jikoni kwa bibi yake, na sio bahati mbaya, familia nyingi za Kihindi zilizoishi Zanzibar, Mombasa, Tanga na Dar zilitoka Kachchh na Kathiawar, huko huko Gujarat, walikuja na biashara na walikuja na mapishi ya mgonjwa pia.

Halafu kuna vasa, Wagujarati wanauita ardusi, kichaka chenye maua meupe ambacho majani yake yametumika kwa kikohozi kwa karne nyingi. Ndani yake kuna kemikali inaitwa vasisini, na wanakemia wakaichukua hiyo wakaigeuza wakapata bromheksini, dawa ya kulainisha makohozi iliyoingia sokoni miaka ya 1960, na ambroksoli nayo imetoka kwenye bromheksini. Kwa hiyo ukienda famasi yoyote Kariakoo ukanunua sirapu ya kutoa makohozi, kuna uwezekano mkubwa umeshika mjukuu wa mmea wa Kiayurveda mkononi, ila mjukuu huyo amepimwa, kwenye kijiko kuna miligramu kadhaa zinazojulikana na zimeandikwa kwenye chupa.

Mfano wa pili ndo unaonikosesha usingizi. Mnanaha. Sisi tunaujua kama mmea wa hatari, watoto wanaonywa wasichezee mbegu zake. India waliuvuta moshi wake kwa ajili ya pumu, na mwaka 1802 Jenerali Gent wa Uingereza aliyekuwa Madras akarudi nao kwao, wakaanza kuuvuta na wao, na sigara za pumu zenye mnanaha ziliuzwa Ulaya na Marekani mpaka karne ya 20. Zilifanya kazi kweli. Atropini iliyomo inalegeza misuli ya njia za hewa. Wafamasia wakaenda wakatengeneza ndugu zake wasioingia sana kwenye damu, ipratropiamu kwenye miaka ya 1970 halafu tiotropiamu, na leo hii tiotropiamu ni kati ya dawa kubwa za kuvuta kwa wazee wenye COPD, ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ambao WHO inasema uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021.

Sasa ona tofauti. Dawa ya kuvuta inabaki kwenye mapafu kwa sehemu kubwa. Mnanaha wenyewe ukiunywa, na upo kwenye dawa ya maji ya Kiayurveda inayoitwa kanakasava, unaingia mwili mzima. Kijana kwa kipimo kidogo huenda akakauka mdomo tu. Mzee wa miaka 72 mwenye tezi dume mkojo unaweza kuziba, mwenye presha ya macho anaweza kupoteza kuona, moyo unakwenda mbio, na usiku anaanza kuongea na watu ambao hawapo, familia inadhani amerogwa au uzee umemfika. Vaidya, yani tabibu wa Kiayurveda aliyesoma, anajua kipimo na anajua wa kumnyima. Kule India ili upate digrii ya BAMS unasoma miaka minne na nusu na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, hawa sio watu wa kubahatisha. Lakini dawa ikishasafiri kwenye begi la mtu hadi Ubungo, vaidya hayumo kwenye begi.

Na hapa ndo naona watu wanakosea hesabu. Wanabishana kama mitishamba inafanya kazi au haifanyi. Inafanya kazi, ndio tatizo lenyewe! Kitu chenye nguvu ya kulegeza bomba la hewa kina nguvu ya kufanya mambo mengine, na mwili wa mzee una vitu vingine vingi vinaendelea ndani yake.

Chukua urukususu. Wahindi wanauita yashtimadhu, uko kwenye dawa nyingi za kifua na koo, mtamu, unalainisha kikohozi vizuri tu. Ukitumiwa kwa wingi kila siku kwa wiki kadhaa unafanya mwili ushike chumvi na maji na kupoteza potasiamu, presha inapanda. Mzee huyo huyo kuna uwezekano anakunywa dawa ya presha ya kukojoza, ambayo nyingi nazo zinapunguza potasiamu, na akibanwa anavuta salbutamoli, ile dawa ya pampu ya kufungua kifua, ambayo nayo inaishusha. Vitatu hivyo vikikutana moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake. Chukua pippali na pilipili manga, zina piperini, na piperini inaongeza kiasi cha teofilini, dawa ya hospitali ya kufungua njia za hewa, kinachobaki kwenye damu, na aminofilini ambayo bado inatolewa kwa wagonjwa wengi wa kifua kwa sababu ni ya bei nafuu inageuka kuwa teofilini mwilini. Teofilini ikizidi kidogo tu ni kutapika, kutetemeka, degedege. Kupika na pilipili manga hakuna shida, sizungumzii pilau. Nazungumzia vijiko vya unga mara tatu kwa siku.

Chukua chyawanprash, ule mchanganyiko mweusi mzito wa tunda la amla ambao Charaka anausifia kwa kikohozi, pumzi na uzee wenyewe, hadithi inasema mzee Chyavana aliula akarudi ujanani. Ni kitu kizuri, Wahindi wengi wanalamba kijiko asubuhi wakati wa baridi. Ila sehemu kubwa ya kopo ni sukari. Na ile sitopaladi niliyoitaja piga hesabu, sehemu 16 kati ya 31, zaidi ya nusu. Mgonjwa wa kisukari hawezi kuambiwa hivi vitu havina madhara.

Kuna kundi lingine ambalo mimi nalikataa waziwazi kwa mzee, nalo ni dawa za rasa shastra, tawi la Ayurveda linalotumia madini. Ya pumu maarufu inaitwa Shwasa Kuthara Rasa, maana yake kama shoka la kukata tatizo la pumzi, na ndani yake kwa mapishi ya asili kuna zebaki, salfa, madini ya aseniki na mmea wenye sumu wa akonaiti. Wanaozitetea wanasema zinasafishwa kwa hatua nyingi mpaka sumu inaondoka. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walinunua bidhaa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya eneo lao, 14 zikawa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakarudia na bidhaa 193 zilizouzwa kwenye intaneti, karibu 21 katika kila 100 zilikuwa na madini hayo, na kwa zile za rasa shastra ikawa karibu 40 katika 100. Zilizotengenezwa India na zilizotengenezwa Marekani zilikuwa karibu sawa. Figo za mtu wa miaka 70 hazina nafasi ya kufanyiwa majaribio ya usafishaji.

India yenyewe huu mjadala ni mkali kuliko tunavyodhani huku, watu wengi wanafikiri kule kila mtu anakubaliana. Wana wizara nzima ya tiba za asili, Ayush, tangu Novemba 2014, na WHO imeweka kituo chake cha dunia cha tiba asili Jamnagar, Gujarat, mwaka 2022, serikali ya India ikaahidi dola milioni 250. Pale pale Chama cha Madaktari cha India kilikwenda Mahakama ya Juu mwaka 2022 kulalamikia matangazo ya Patanjali, kampuni ya dawa za Ayurveda ya mwalimu wa yoga Baba Ramdev na mwenzake Acharya Balkrishna, na Februari 2024 mahakama ikazuia matangazo yao ya dawa za magonjwa yaliyotajwa kisheria, na Aprili wakachapisha kuomba radhi magazetini. Mwezi huo huo mamlaka ya jimbo la Uttarakhand ikasimamisha leseni za bidhaa 14, na ukiisoma orodha unakuta ile familia ya Swasari na Bronchom, zote za kifua na pumzi. Mwezi uliofuata usimamishaji ukawekwa kando kwanza, kwa hiyo hadithi haikuishia hapo. Lakini ona mahali mgogoro ulipowaka, ni kwenye tangazo. Sheria ya India ya kuzuia matangazo ya dawa za miujiza ni ya mwaka 1954, walishaliona hili tatizo kabla hata ya sisi kupata uhuru.

Na Hyderabad kila Juni, masika yao yanapoanza, maelfu kwa maelfu ya watu wenye pumu wanapanga foleni kumeza samaki mdogo aliye hai aliyewekewa dawa ya njano mdomoni, familia ya Bathini inatoa bure na inasema inafanya hivyo tangu 1845. Wanasayansi wa India wamepinga kwa miaka. Mimi nikiwaona wale wazee kwenye foleni siwaoni kama wajinga hata kidogo. Mtu anayekosa pumzi atameza chochote. Ukitaka kuelewa ziba pua yako uvute hewa kwa mrija wa soda dakika mbili huku unapanda ngazi.

Hilo nimelielewa kwa mama mkubwa wangu, yuko Tanga. Alipika kwa kuni kwa zaidi ya miaka 40, jiko la mafiga ndani ya kibanda kisicho na dirisha, hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Kifua kilianza kupiga filimbi akiwa na miaka 60 na kidogo, akaambiwa ni pumu, akapewa pampu ya bluu, hakuna aliyempima kwa kupuliza. Mtoto wake akasafiri India kumsindikiza mgonjwa mwingine, akarudi na kopo la unga, na aliyemuuzia alimwambia mama akianza huu aache pampu kwa sababu zinagongana. Wiki ya kwanza alikuwa na nafuu ya ajabu, akafagia uwanja mwenyewe, tukafurahi wote. Mwezi wa pili uso ukaanza kuvimba, sukari ikapanda ambayo hakuwahi kuwa nayo. Unga ukaisha. Siku ya nne baada ya kuisha tulimkuta amekaa kitandani ameshika magoti, midomo imekuwa ya bluu, na alikaa na mtungi wa oksijeni siku 6.

Daktari aliyempokea ndo alituambia kitu ambacho nimekishika mpaka leo, kwamba ukiona unga wa asili unaleta nafuu kubwa ndani ya siku mbili halafu uso unavimba na sukari inapanda, fikiria steroidi, zile dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe. Inajulikana kwamba kuna watu wanasagia prednisoloni au deksamethasoni ndani ya dawa za mitishamba, sehemu mbalimbali za dunia zimekutwa. Mtu akizitumia wiki nyingi mwili unaacha kutengeneza zake, zikikata ghafla anaanguka. Siwezi kuapa ndivyo ilivyokuwa kwake, ule unga haukupimwa maabara. Kopo lilikuwa na picha ya jani na halikuwa na jina la mmea hata mmoja.

Ila lawama nyingine ni yetu, na ni ya huku kwetu. Mama mkubwa aliishi miaka karibu 10 na jina la pumu ambalo halikuthibitishwa. Akiwa amelazwa ndo alipuliza kwenye spairometa, mashine ya kupima pumzi, kwa mara ya kwanza, kikatoka kitu kinaitwa COPD, ya moshi. Wazee wetu wengi wanaitwa wana pumu na ukichimba unakuta mwingine ana makovu ya kifua kikuu aliyotibiwa zamani, mwingine ana kifua kikuu chenyewe sasa hivi, mwingine moyo unashindwa kusukuma damu. Huyo wa moyo namuogopea zaidi, kwa sababu naye akilala anabanwa akikaa anapata nafuu, vile vile kama Charaka alivyoandika kuhusu tamaka shwasa, na ukimpa mchanganyiko wenye urukususu mwingi unaomfanya ashike maji unamzamisha taratibu. Hakuna unga unaoweza kuwafaa watu wanne wenye magonjwa manne, wa Kihindi, wa Kichina wala wa Kinyamwezi.

Na kwa nini aliuamini unga kuliko pampu? Nilimuuliza. Akasema, mwanangu, hospitali niliingia na kutoka, hata sikukaa vizuri kwenye kiti. Hakuna aliyemfundisha kuvuta. Vidole vyake vina baridi yabisi, alikuwa anabonyeza, dawa inapiga ulimi, anameza, anasema haifanyi kazi, na kweli haikuwa inafanya kazi. Hapa ndo Ayurveda inatushinda na inatuumbua, vaidya mzuri anakaa na mgonjwa, anauliza usingizi, choo, chakula cha usiku, anauliza unapika na nini, unalala upande gani, anashika mapigo ya mkono muda mrefu. Mzee anatoka pale amesikilizwa. Kerala mwezi wa Karkidakam, kwenye mvua za Julai na Agosti, watu wanakula uji wa mchele wenye dawa na kupakwa mafuta, na sina ubaya wowote na hilo, mwili wa mzee kuguswa kwa upole, chakula cha moto chepesi, kulala mapema, tumbo lisijae usiku, hayo yote yanamsaidia mtu anayetweta na mengine hata madaktari wa mapafu wanayasema.

Mazoezi ya pumzi pia, pranayama. Mwaka 2016 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia majaribio ya tiba, walikusanya majaribio 15 ya yoga kwa wenye pumu, watu 1,048 kwa jumla, wakaona kuna faida ndogo kwenye maisha ya kila siku na dalili. Ndogo, lakini ipo, na haigharimu kitu. Kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa kama unapuliza uji kunamsaidia sana mwenye COPD, kwa sababu hewa yake inakwama ndani. Ila yale mazoezi ya kupuliza kwa nguvu na kasi, na kushikilia pumzi muda mrefu, mzee mwenye moyo au presha asiyafanye kwa kuangalia video tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, jikoni na mkekani Ayurveda karibu sana. Tangawizi, iliki, mdalasini, mrihani kwenye chai, asali kama huna kisukari, mafuta ya kupaka, mazoezi ya kupumua. Kwenye dawa za kumeza kila siku, nataka jina la kila mmea na kila madini kwenye kopo, na nataka daktari wa mzee alione hilo kopo pamoja na vidonge vyake vyote, wazee wanaficha, wanaogopa kugombezwa, na sisi tunaowagombeza ndo tumewafundisha kuficha. Chenye zebaki au kisicho na orodha kisiingie ndani. Na mtu akikwambia acha pampu, hapo hapo mazungumzo yaishe, kwa sababu vaidya anayejua kazi yake hakatishi ghafla dawa inayomfanya mgonjwa apumue. Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002 na Baraza lake, ningependa sana kuona matangazo ya kumaliza pumu yanashughulikiwa kwa ukali ule ule wa mahakama ya Delhi, maana huku kwetu yanasomwa redioni asubuhi watu wakiwa wanakunywa chai.

Mama mkubwa sasa anapika na gesi, kibanda tulikivunja. Pampu anavuta kwa kupitia chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako, nesi mmoja ndo alitufundisha, baadaye nikaja kusoma kwamba chupa za namna hiyo zilijaribiwa Cape Town kwa watoto wenye pumu, matokeo yakachapishwa 1999, na zilifanya kazi sawa na zile za kununua. Dawa haipigi ulimi tena. Jioni anachemsha tangawizi yake na iliki kama zamani, anakaa barazani, anatoa pumzi kwa midomo iliyobanwa huku anahesabu kwa vidole.

Mwezi uliopita aliniuliza, mwanangu, hii pampu nitaivuta mpaka lini? Nikamwambia siku zote, mama, huu ugonjwa hauishi, unatulizwa. Akanyamaza kidogo, akageuza chupa mkononi. Akasema, basi si mngeniambia hivyo tangu mwanzo.